Nilivyorudi Kwenye Mita 100 Baada ya Msuli wa Paja Kuchanika Mara Mbili

Msuli wa nyuma ya paja langu la kushoto ulipochanika kwa mara ya pili, msimu mmoja tu baada ya jeraha la kwanza, watu wengi walionitakia mema hapa Nairobi walinishauri nihamie mita 800 au niachane na riadha kabisa. Ushauri huo unaeleweka katika nchi ambayo sifa yake imejengwa na wakimbiaji wa masafa ya kati na marefu, lakini mimi ni mkimbiaji wa mita 100, na sikuwa tayari kuwa kitu kingine.

Kilichonisaidia kwanza ni kulielewa jeraha lenyewe. Mtaalamu wa tiba ya viungo alinieleza kwamba katika kasi kubwa msuli huu hulemewa zaidi pale mguu unaporushwa mbele, muda mfupi kabla ya unyayo kugusa ardhi, kwa kuwa wakati huo unarefuka na papo hapo unakaza ili kuuzuia muundi usipitilize. Ndiyo maana niliweza kupanda ngazi na hata kukimbia polepole bila maumivu yoyote, ilhali msuli ulikuwa bado haujawa tayari kwa mashindano. Tangu hapo, kipimo changu kikawa nguvu ya msuli ukiwa umenyooka.

Zoezi lililonijenga zaidi halihitaji mashine. Nilipiga magoti juu ya mkeka, mwenzangu akanishika vifundo vya miguu, nami nikauinamisha mwili mbele polepole, ukiwa umenyooka kuanzia magotini hadi mabegani, nikilizuia anguko kwa nguvu za mapaja hadi viganja vikagusa chini. Ni zoezi gumu, na mwanzoni hata kushuka kwenye matatu kulikuwa taabu. Kocha naye aliniongezea kasi taratibu, kwanza kwenye nyasi, kisha kwenye kona za uwanja, kisha kasi kamili kwa umbali mfupi. Bloki za kuanzia zilikuja mwisho kabisa. Katika baridi ya Julai nilirefusha muda wa kupasha mwili joto, wala sikuvua suruali ya mazoezi mapema.

Nilipokata tamaa, nilimfikiria Trayvon Bromell wa Marekani, aliyeondoka uwanjani Rio mwaka 2016 kwa kiti cha magurudumu baada ya kuumia kano ya kisigino katika fainali ya kupokezana vijiti, kisha akafanyiwa upasuaji mara mbili. Tarehe 18 Septemba 2021 alishinda mita 100 hapa hapa Kasarani, katika Kip Keino Classic, kwa sekunde 9.76, huku Ferdinand Omanyala akiweka rekodi ya Afrika ya 9.77 katika nafasi ya pili. Wakenya tunaikumbuka siku hiyo kwa sababu ya Omanyala, na ni haki yetu. Mimi, hata hivyo, nilimtazama pia yule aliyetangulia kufika, kwa kuwa alikuwa amepita njia niliyokuwa nikiipita.

Muda wangu bora nimeupata baada ya jeraha la pili. Zoezi la magoti bado limo katika ratiba yangu, hata mashindano yanapopamba moto, kwa sababu nguvu hiyo hupungua upesi mtu akiliacha.