Boliti ni sita tu, lakini faili je?

Boliti sita ndizo zinazoshika propela ya Cessna 172 kwenye injini. Fundi mwenye spana ya torki na waya wa kufungia hamalizi asubuhi kwa kazi ya kutoa ya zamani na kutia mpya. Ndiyo maana wenye ndege hunitazama kama mwizi ninapowaambia watasubiri. Mimi ndiye mtu wa mafaili katika hanga moja hapa uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, na mafaili ndiyo yanayokula wiki.

Safari hii alikuwa ami mmoja wa Kibokoni, mwenye 172M anayoipeleka Lamu na kwenye viwanja vya changarawe vya huko juu pwani. Propela yake ya alumini, McCauley 7553, ilikuwa hoi kwa mawe. Kipande cha tumbawe kikipiga ukingo wa panga, huacha pengo. Fundi hulipiga tupa hadi liwe laini, ufa usije ukaanzia hapo, na kila tupa ikipita panga linapungua. Hufika siku vipimo vimeshuka chini ya kiwango na tupa haina kazi tena. Na chumvi ya hewa yetu hii msiniulize.

Ami hakutaka tena kama ile. Katika 7553, 75 ni kipenyo kwa inchi, na 53 ni inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja lau hewa ingekuwa haitelezi. Yeye alitaka kitu cha kumwinua haraka zaidi kwenye kiwanja kifupi, na hapo sikumlaumu. Mchana wa kaskazi, joto likifika 32, ndege iliyo usawa wa bahari hupaa kwa shida ile ile kama iliyo futi 2,000 juu.

Nilimwonyesha njia nyepesi. Cheti cha aina cha 172, yaani kibali cha usanifu wake, nambari 3A12 ya Marekani, kina orodha ya propela zinazokubalika kwa kila modeli, pamoja na vipimo vyake. Ukichagua iliyomo, hujabadilisha ndege, umebadilisha kipuri. Lakini ami alikuwa ameshapenda nyingine: ya kaboni, mapanga mawili, ambayo pembe yake hurekebishwa ndege ikiwa chini.

"Ami, hii haimo kwenye orodha."

"Haimo, lakini wenzetu wairusha. Kwani ni mimi ntakayeruka ama ni karatasi?"

"Ni wewe, ami. Ila bima yalipa karatasi."

Akacheka, akaniachia kazi.

Kisichokuwa kwenye orodha huhitaji cheti cha nyongeza, ambacho hangani tunakiita STC tu. Ndege yenye usajili wa 5Y iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya, KCAA, lakini aliyeisanifu yuko Marekani, basi ushahidi wa kiufundi nao watoka huko. Wanachotaka kujua hasa ni mtetemo. Kila mpigo wa silinda hupindisha shafti kidogo, shafti hupindisha panga, na kwenye mizunguko fulani viwili hivi huanza kuchocheana. Baadhi ya ndege za Piper PA-28-180 zimekatazwa kukaa kati ya mizunguko 2,150 na 2,350 kwa dakika kwa sababu hiyo hiyo, japo injini ni nzuri na propela ni nzuri. Na ncha ya panga la inchi 75, kwenye mizunguko 2,700, hukata hewa kwa karibu kilomita 970 kwa saa. Kipande kikikatika hapo, injini yaweza kung'oka kwenye vishikizo vyake. Kwa hilo siwatetei wanaosema urasimu.

STC ni mali ya mtu. Huwezi kuichapisha tu kutoka kwenye intaneti, lazima mwenyewe akupe barua ya ruhusa kwa ndege yako, kwa nambari yake. Tuliipata. Halafu nikasoma ile sentensi ambayo watu huiruka: mwenye kufunga ndiye wa kuhakikisha kwamba mabadiliko haya yanapatana na mengine yaliyokwisha kufanywa.

Nikafungua vitabu vya zamani vya injini, vile vyenye kurasa za rangi ya chai. Katikati ya kimoja, kwa mwandiko wa kulala wa fundi wa mmiliki wa zamani: pistoni za mgandamizo wa juu, nguvu kutoka farasi 150 hadi 160. Ami mwenyewe hakujua. STC yetu ya propela ilitaja injini ya O-320-E2D ya farasi 150, basi. Ikabidi kuandika upya kwa mwenye STC. Jibu lilikuja kwa maandishi: yafaa, lakini pembe ya panga ni nyingine. Tungeifunga kwa pembe ya kwanza, tungekuwa tunarusha kitu ambacho hakuna aliyekipima.

Mengine yalikwenda upesi: kelele, nyongeza ya kitabu cha rubani, kupima uzito upya. Kaboni ni nyepesi kuliko alumini, na ukipunguza kilo puani kabisa, kitovu cha uzito hurudi nyuma.

Kibali kilipotoka, fundi alifunga. Akaweka kibao cha mbao chini, kikikaribia kugusa ncha ya panga, akachora alama, magneto, zile za kutoa cheche za injini, zimezimwa, akazungusha kwa mkono polepole mpaka panga la pili likafika pale pale. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko unene wa sarafu. Kisha breki, injini ikapewa nguvu hadi mwisho, na mizunguko ikasomwa ndege ikiwa imesimama: ilikuwa ndani ya mipaka ya STC.

Ile barua ya ruhusa imo kwenye faili la ndege, si la ami, kwa sababu mnunuzi wa kesho ataiulizia. Ami naye ameshaanza kuniuliza kuhusu gurudumu kubwa la mbele. Nimemwambia asinunue kitu hadi nimalize kusoma vitabu vyote.