Kunja Magoti, Baba

Nilianza kuswali kwenye kiti nikiwa na miaka 47. Msikiti wetu wa Mbagala una viti vya plastiki pembeni ya nguzo kwa ajili ya wazee wenye matatizo ya magoti, nami nikajikuta nakaa nao. Hawakunisema hata siku moja. Walinisogezea kiti tu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana Ijumaa mbele yetu alikuwa anasimama mzee aliyenizidi umri wa kutosha kunizaa, anasujudu na kuinuka bila kushika chochote.

Ugonjwa sikuwa nao. Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, na watu wakisikia bandari wanadhani nabeba magunia. Mimi nabeba makaratasi. Tangu asubuhi nimekaa mbele ya kompyuta najaza nyaraka za forodha, na nikitoka hapo naenda kukaa tena kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa. Kiuno kikakaza, nyonga zikakaza, ikafika mahali kufunga kamba za viatu mpaka nipandishe mguu kitandani. Daktari alinipiga picha, akasema mifupa haina shida, akanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi tiba. Huyo naye, baada ya kunikunja na kunikunjua kwa wiki kadhaa, akaniambia: "Mzee, ukimaliza hapa jaribu yoga."

Nilicheka. Yoga niliyoijua mimi ni ya kwenye picha: msichana mwembamba, mguu nyuma ya shingo, jua linazama baharini. Shemeji yangu, ambaye anafundisha madrasa, hakucheka. Aliniuliza kama hiyo si ibada ya Wahindu. Swali lake lilikuwa na msingi, kwa sababu mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu wa huko yoga iliyochanganywa na maneno ya ibada, na habari hizo zilifika hadi kwetu. Nikamjibu nitakwenda nikaone mwenyewe, wakianza kuabudu natoka. Akasema, "Nenda, lakini masikio yawe wazi."

Basi Jumamosi moja ya mwaka 2018 nikajikuta Upanga, kwenye ukumbi wa chini wa ghorofa la zamani. Mwalimu alikuwa mama wa Kigujarati, mzaliwa wa hapa hapa Dar, nywele nyeupe kazifunga kisogoni, na Kiswahili chake cha Kariakoo kabisa. Mimi nilikuwa na bukta na jezi ya Simba. Aliniangalia juu hadi chini, akawageukia wenzangu: "Leo Simba kaja kujinyoosha." Wote wakacheka, na mabega yangu yakashuka kidogo.

Tulianza kwa kufumba macho. Akasema anayetaka kutamka "om", ile sauti takatifu ya Wahindu, atamke, asiyetaka avute pumzi tu, hakuna anayehesabu. Nikavuta pumzi. Hapo nadhani hata shemeji angeridhika.

Kisha akatuambia tukae chini, miguu imenyooka mbele, tuiname taratibu. Jambo dogo, mtoto wa chekechea analifanya huku anakula. Mimi hata kukaa tu wima nilishindwa. Mgongo ulipinda ukawa upinde, magoti yakainuka yenyewe, na nilipopeleka mikono mbele iliishia katikati ya miundi. Nyuma ya mapaja palikuwa panawaka. Nikakumbuka shule ya msingi, baada ya mchakamchaka, mwalimu wa zamu anapiga kelele "moja, mbili, shika vidole!" na sisi tunajirusha mbele na nyuma mpaka tushike. Nikaanza kujirusha hivyo hivyo, nikiuma meno.

Mwalimu akasimama pembeni yangu. "Baba, nani anakufukuza?"

Alileta blanketi la kijivu, yale ya mabweni, akalikunja mara nne, akaniambia ninyanyue makalio nilikalie, miguu ibaki chini sakafuni. Halafu akaniambia nishike nyama ya kila kalio nivute nyuma, pembeni. Nilitazama kulia na kushoto kwanza. Nilipofanya, nikausikia ule mfupa wa kila upande umekanyaga blanketi, na kiuno, ambacho kwa miaka kilikuwa kimelala nyuma, kikasimama chenyewe. Sikuwa nimejilazimisha. Nilikuwa nimekaa wima, nashangaa.

Akanieleza kwa maneno ya kawaida. Misuli ya nyuma ya paja imeshikizwa juu kwenye mifupa hiyo ya makalio, na chini inapita goti. Ikikaza, ukinyoosha miguu inaivuta nyonga irudi nyuma, na nyonga ikirudi nyuma mgongo hauna pa kwenda ila kupinda. Ukiinua makalio inchi chache, nyonga inapata nafasi ya kuegemea mbele. Kuhusu kule kujirusha, alisema msuli una mishipa ya fahamu inayopima umevutwa kwa kasi gani, na ukiushtua unajikaza kujilinda. Kwa maneno mengine, zile "moja, mbili" zetu zote za shule tulikuwa tunaiambia misuli ikaze.

"Sasa kunja magoti, baba."

"Si tunanyoosha miguu?"

"Kakuambia nani? Tunanyoosha mgongo. Miguu ina siku yake."

Nikakunja magoti, tumbo likagusa mapaja. Mikono ikafika kwenye nyayo. Nimewahi kusoma maelezo mengi ya yoga tangu siku hiyo, mengine marefu na yenye maneno makubwa, lakini kwa mtu mgumu kama mimi sijaona ushauri unaoshinda huo wa kukunja magoti. Ajabu ni kwamba wanaoanza wengi hawaambiwi. Wanaona picha ya miguu iliyonyooka, wanapambana nayo, wanaumia, wanaacha.

Wakati tunapumzika nikamwambia mwalimu kwamba haya mambo ni ya watu waliozaliwa laini. Akanisimulia habari za B.K.S. Iyengar, mwalimu maarufu wa yoga wa India; yeye mama alifundishwa na mmoja wa wanafunzi wa Iyengar. Iyengar alizaliwa mwaka 1918 kijiji cha Bellur, Karnataka, wakati wa janga la mafua, na utotoni malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu vilimpitia. Mwaka 1934 mume wa dada yake, Krishnamacharya, naye mwalimu wa yoga, alimwita mji wa Mysore, na kijana huyo alikuwa mkavu kiasi kwamba akiinama mikono haivuki magoti. Ndiye baadaye aliyeeneza matumizi ya mikanda, mablanketi, viti na vipande vya mbao ili mtu yeyote aweze kufanya, na alifundisha mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 2014 huko Pune. "Wewe umefika miundi," mwalimu akaniambia. "Umemshinda."

Kisha tukaambiwa tukalie visigino. Huo mkao sikuhitaji kuelekezwa, ni ule ule wa kikao cha tahiyatu, ndio hasa ulionipeleka kwenye kiti. Nikamwambia, "Mwalimu, huu naujua tangu madrasa, ila umenikimbia." Akaniwekea takia nene kati ya makalio na visigino, na taulo lililoviringishwa chini ya vifundo vya miguu, mahali palipokuwa panauma kuliko magoti. Nikakaa. Palivuta, lakini palikalika. Niliuliza kama naweza kufanya hivyo nyumbani, akasema takia nipunguze unene kadiri wiki zinavyokwenda, na likigoma lisipungue. Liligoma sana. Ilinichukua zaidi ya mwaka kuliondoa, na msimu wa baridi bado kuna siku nalirudisha.

Mwisho tulilala chali, mkao wanaouita wa maiti, na kuna mtu alikoroma. Sitamtaja.

Kabla sijaondoka nilimuuliza vile vipande vya mbao vya kuwekea mikono vinauzwa wapi. Akataja duka moja na bei yake, nikaguna. Akaandika vipimo kwenye karatasi, inchi 9 kwa 6 kwa 4, akasema niende kwa seremala. Nikampelekea fundi wa Keko. Akauliza ni vya nini, nikasema mazoezi, naye kwa heshima ya mteja akaamua kunipa mbao nzuri aliyokuwa nayo, mninga mtupu, akapiga msasa na vanishi juu. Vilikuja vizito hata kuvisogeza kwa mguu huwezi, na vanishi inateleza mkono ukilowa jasho. Kimoja natumia baada ya kukikwangua. Kingine mama watoto amekitaifisha, kinazuia mlango wa jikoni usijipige na upepo, na anasema kazi hiyo kinaifanya vizuri kuliko nilivyowahi kuifanya mimi ya kwangu.