Kumbukumbu ya Impreza: plagi nne, Jumamosi tatu

Odometa 151,240

Nilikuwa napanda mlima wa Mazeras, nje ya Mombasa, nyuma ya lori la kontena. Nikapata upenyo, nikakanyaga. Badala ya ule mvumo wa turbo ninaoupenda, gari likatetemeka kama mtu mwenye homa, likakohoa mara tatu, na taa ya injini ikaanza kupepesa. Taa hiyo ikiwaka na kutulia, unaweza kufika nyumbani ndipo uulize. Ikipepesa, maana yake petroli isiyochomwa inakwenda kuungulia ndani ya kataliti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, na bei ya kataliti hakuna anayeiuliza mara mbili. Nikaondoa mguu, nikageuza mbele ya safari, nikarudi Mombasa pole pole bila kuiruhusu turbo ijaze.

Kwa asiyelijua gari langu: ni Impreza WRX ya 2003, injini EJ205, gia za mkono, rangi ya buluu. Rimu za dhahabu zilikuja nalo, sikuzinunua mimi, ingawa sikatai kwamba ndizo zilizonishika. Aliyemwona Colin McRae akishinda mbio za Safari Rally za 1997, au Richard Burns zile za 2000, kwa Impreza ya buluu yenye rimu za dhahabu, atanielewa. Mke wangu hakuona hata moja, wala haelewi.

Kijana wa dayagnosi, mwenye mashine ya kusoma kasoro za gari, alinitoza shilingi 1,000 akanisomea msimbo mmoja: P0303. Silinda ya tatu inamisi, yaani haichomi petroli ipasavyo. Papo hapo akaniambia nahitaji koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche; anayo iliyotumika, 4,500. Nikamshukuru nikaenda zangu. Koili za EJ205 ziko nne, kila moja imekaa juu ya plagi yake, na zote ni za aina moja, kwa hiyo jaribio halihitaji hata senti: hamisha koili ya silinda ya 3 uipeleke ya 1, ya 1 iende ya 3, futa msimbo, zunguka mtaani. Ukirudi na P0301, koili imekufa. Mimi nilirudi na P0303 ile ile. Kumbe koili ilikuwa inasingiziwa.

Jumamosi ya kwanza

Hapa ndipo mwenye Subaru hulipia kile anachojivunia. Injini imelala, silinda mbili zinatazama kulia na mbili kushoto, na uzito wote uko chini. Ndiyo maana gari linashika kona. Lakini plagi nazo zinatazama pembeni, kwenye kuta za chesisi, na kati ya ukuta na plagi mkono wa mtu mzima unaingia kwa kuomba ruhusa. Rafiki yangu mwenye Altezza hubadilisha zake amesimama wima, chai pembeni. Mwingine ana RX-8: injini ya rota mbili, plagi nne, lakini mbili ni za kutangulia na mbili za kufuata, hazibadilishani nafasi, na bei yake inauma. Halafu kuna wenye Porsche 911 za miaka ya 1990, zile 964 na 993, silinda sita na plagi 12. Nikiwakumbuka hao huwa naacha kulalamika.

Upande wa kulia unatoa boksi la chujio la hewa. Kushoto unatoa betri na tangi la maji ya kuoshea kioo. Injini iwe baridi kabisa; kichwa cha silinda ni cha aluminiamu, na ukifungua plagi ya moto unaweza kung'oa nyuzi za tundu inamofungwa. Piga upepo kwanza kuzunguka koili, kwa sababu mchanga wote wa Kongowea umejificha humo na ukitoa plagi utaangukia ndani. Halafu soketi ya 16 yenye mpira ndani (nilinunua 900) unaiingiza peke yake, kisha ekstensheni fupi, kisha rachi. Ukiziunganisha nje kwanza hazipiti.

Ya 1 ikatoka. Ya 2 ikatoka, ya 4 ikanichubua vidole viwili. Ncha zote zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, rangi ya biskuti, ambayo ndiyo unayoitaka. Nyeusi na kavu ingekuwa petroli imezidi. Nyeupe yenye malengelenge ingekuwa joto la kupita kiasi. Nilipochomoa koili ya 3 ilitoka inang'aa. Oili. Kisima cha plagi, lile shimo inamokaa, kilikuwa na oili kama kijiko na nusu, na mpira wa koili ulikuwa umevimba kidogo.

Ami, fundi wa jirani ambaye gereji yake ni mwembe na mabati mawili, alikuja akachungulia. "Mpira wa kisima umekufa huo, mwanangu. Kofia ya valvu ifunguliwe."

"Siwezi kukipangusa kwanza, Ami, nikaweka plagi mpya?"

"Waweza. Oili nayo yaweza kurudi."

Nikapangusa. Ilikuwa saa tisa alasiri, na jioni nilikuwa na harusi Kisauni.

Plagi nilizonunua mjini zilikuwa kwenye boksi la njano lenye jina la NGK, PFR6G, zile zile zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari. Nilipotaja Impreza ya turbo, muuzaji aliinua macho kwanza akazitazama rimu nje. Akasema 650 moja. Nilipaswa kushtuka hapo hapo: akipandisha bei kwa ajili ya rimu na bado ikawa 650, basi bei yake ya kawaida ni ngapi? Nikalipa 2,600 nikajiona mjanja.

Kwa kuzirudisha natumia kipande cha mpira wa petroli. Unachomeka plagi kwenye mpira, unazungusha kwa vidole. Ikipanda vibaya mpira unateleza wenyewe na nyuzi zinabaki salama. Mwisho nafunga kwa spana ya kupimia nguvu, Nm 21. Grisi ya nyuzi siweki. NGK wenyewe hawaitaki kwenye plagi zao, kwa sababu inakudanganya ukafunga kupita kiasi.

Gari likawaka kwa mguso mmoja. Harusini nilifika na kucha nyeusi.

Odometa 152,130

Siku 24. Safari hii ilikuwa kwenye daraja la Nyali, asubuhi, na nyuma yangu matatu ikinipigia honi. P0303 tena, na P0304 imekuja kumsindikiza mwenzake.

Jumamosi ya pili

Kisima cha 3 kina oili, kama Ami alivyosema. Lakini plagi ya 4 ilikuwa kavu, na bado ilikuwa inamisi. Nikaipima pengo, ile nafasi kati ya ncha zake mbili ambamo cheche huruka. Niliiweka ikiwa 0.8 mm, ambao ndio mwisho wa kipimo cha Subaru, 0.7 hadi 0.8. Sasa ilisoma 1.0. Kwa kilomita 890! Kwenye injini ya turbo hewa ndani ya silinda imebanwa sana, na pengo likipanuka cheche inashindwa kuruka. Ndiyo maana gari lilikuwa jema likitembea na likiropoka likikanyagwa.

Nikaketi na plagi zile nne na mita ya umeme mezani. Jina lenyewe linasomeka: P ni platinamu, F ni nyuzi za 14 mm zenye urefu wa 19 na kichwa cha 16, R ni rezista, 6 ni daraja la joto (kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi, kwa Bosch ni kinyume, na hapo wengi hujichanganya). Rezista ya plagi halisi husoma karibu kilo-om 5 kutoka juu hadi ncha ya kati. Zangu tatu zilisoma sifuri. Moja haikusoma kitu. Platinamu nayo sikuiona hata kwa miwani ya Ami: ncha ilikuwa nikeli tupu, imeliwa ikawa mviringo. Ringi ya chini, ambayo kwa plagi halisi imebanwa haitoki, ilidondoka yenyewe mezani ikalia *ting*.

Nilirudi dukani. Sitasema tulizungumza nini. Pesa sikurudishiwa.

Binamu yangu Nairobi alikwenda Kirinyaga Road kwa muuzaji anayemfahamu, akanipigia picha ya kila plagi kwa karibu, mita ikiwa ubavuni. 1,700 moja, jumla 6,800, na 300 za kifurushi kwa basi la usiku. Alijaribu kunishawishi nichukue iridiamu za Denso, zile Iridium Power, kwa sababu ncha yake ni nyembamba, 0.4 mm, na cheche inaruka kirahisi. Ni kweli. Lakini ncha ya upande wa pili ya plagi hizo ni ya kawaida, kwa hiyo hazidumu kama watu wanavyodhani wakisikia iridiamu. Ya maisha marefu ni Iridium Tough, ambayo ina platinamu upande huo. Mimi kazi ya kutoa betri na tangi sitaki kuirudia kila mwaka. Nikabaki na platinamu yangu.

Jumamosi ya tatu

Ami na kijana wake walifungua kofia za valvu pande zote mbili. Kulia, pale karibu na silinda ya breki, kulichukua saa tatu na maneno ambayo sitayaandika. Mipira ya visima ilikuwa migumu kama plastiki, mmoja ulikatika mkononi. Gasketi na mipira pamoja 6,500, kazi 4,500. Mimi nilishika tochi, na nikapewa plagi nizifunge mwenyewe, kwa heshima tu nadhani.

Hesabu yote, kwa anayepanga kununua gari la namna hii akiuliza "plagi ni pesa ngapi": dayagnosi 1,000, plagi bandia 2,600, soketi 900, plagi halisi 6,800, kifurushi 300, gasketi 6,500, kazi 4,500. Shilingi 22,600. Plagi halisi zenyewe hazifiki hata theluthi. Na kama ningemsikiliza Ami siku ya kwanza, 2,600 zingebaki mfukoni.

Kosa moja nalikiri. Nilibadilisha mipira na plagi siku moja, kwa hiyo silinda ya 3 siwezi kuapa kama iliponywa na kipi. Ya 4 najua.

Odometa 153,020

Mazeras nimeipanda mara mbili, gia ya tatu, mguu chini. Taa imelala. Visima vinne nimevichungulia jana: vikavu.

Kinachofuata ni mkanda wa taimingi, unaofungua na kufunga valvu kwa wakati wake. Unabadilishwa kila kilomita 100,000, na karatasi zilizokuja na gari kutoka Japani hazionyeshi kama uliwahi kubadilishwa. Kwenye EJ205 ukikatika, valvu na pistoni zinagongana. Nimeanza kuweka akiba kwenye kopo la maziwa, na mpaka mkanda uingie sivuki mizunguko 4,000 ya injini kwa dakika.

Plagi bandia Ami amezichukua. Nilidhani anataka kuziweka kwenye jenereta yake. Amezifunga kwa waya kwenye shina la mwembe, chini yake ameandika kwa chaki "650".