Taa ya Lori Kwanza

Umeme ulipokatika Unguja Disemba 2009, kwa hitilafu ya njia ya kebo inayopita chini ya bahari kutoka bara, nani angedhani tutakaa gizani mpaka Machi? Ami yangu, fundi redio wa Mlandege, ndiyo kwanza alipata wateja.

Mmoja alikuwa mwenye duka wa Jang'ombe. Alikuja na inverta ya volti 24 (ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), betri mbili za lori na paneli ya sola ya wati 50. Akitaka kuchaji simu za watu kwa malipo. Paneli ile, juani, ikifanya kazi hutoa volti kama 17. Betri mbili zilizoungwa mfululizo hazijai bila ya kupata kama 28. Paneli ya pili ingemaliza maneno, lakini fedha hana.

Ami akachomoa pete ya manjano na nyeupe kwenye pawasaplai ya kompyuta mbovu, akaizungushia waya wa shaba. Hiyo ndiyo koili. Transista, yaani swichi ya elektroniki, ikiwaka, moto wa umeme hupita kwenye koili na kujilimbikiza. Ikizima, koili haikubali moto ukatike ghafla, huusukuma kwa volti zinazozidi zile za paneli, ukapita kwenye dayodi, inayopitisha upande mmoja tu, mpaka kapasita inayouhifadhi. Mara maelfu kwa sekunde. (Baadaye, darasani, nilikuta saketi hiyohiyo kwenye seli za haidrojeni, zinazotoa umeme kutokana na gesi hiyo: kila moja volti 0.7 hivi tu, na hushuka kila ukizidisha mzigo, yaani vitu vinavyotumia umeme. Ami asingeshangaa.)

"Washa tuone volti," mwenye duka akahimiza.

"Hasha, sheikh. Taa ya lori kwanza." Bila mzigo koili huendelea kusukuma, volti zikapanda mpaka kapasita ipasuke.

Taa ikawaka. Mita ikasoma volti 28.

"Umeme umezaana!"

"Umezaana wapi? Umeleta noti ndogo nyingi, nimekupa kubwa chache. Ampea 3 zimeingia, moja na nusu na ushei imetoka. Na mbadilishaji huyu wa volti kala kamisheni yake. Shika koili, joto hilo."

Akaishika, akauondoa mkono upesi. Kisha mwenye duka akatoa nusu ya malipo tuliyopatana.

"Kama hukuongeza kitu, ami, nakulipa nini?"

"Kamisheni," ami akasema, mkono bado uko juu ya swichi.