Nilivyopanga Msimu wa Klabu ya Matanga kwa Kufuata Maji

Nilipokubali kuwa mratibu wa shughuli katika klabu yetu ndogo ya boti za matanga, kwenye Ghuba ya Msasani jijini Dar es Salaam, ombi la kwanza nililopokea kutoka kwa wanachama lilikuwa kwamba mashindano yaanze saa 3 asubuhi kila Jumamosi, ili mchana ubaki kwa ajili ya familia. Lilikuwa ombi la busara kwa mtu anayetazama saa, lakini bahari ina saa yake, nami niliamua kwamba ratiba ya msimu mzima, kuanzia Juni hadi Machi, ningeiandika nikiwa nimefungua jedwali la kujaa na kupwa kwa maji.

Katika pwani yetu bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kwa kiasi kikubwa kuliko siku nyingine, huja mwezi unapoandama na unapopevuka. Siku hizo maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na tena saa 10 jioni, kisha hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kupita mita 3. Anayeshusha boti saa 3 asubuhi siku ya bamvua huiburuta juu ya mchanga na majani ya baharini hadi nguvu zimwishie kabla hajatweka tanga. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo, mambo hugeuka: maji hujaa kwa kiasi mnamo saa 4 asubuhi, na ufuko haukimbii mbali. Kwa kuwa mzunguko huo huchukua takriban siku 15, Jumamosi moja ikiwa ya bamvua, inayofuata kwa kawaida huwa ya maji mafu. Basi nikagawa msimu kwa zamu, Jumamosi za maji mafu zikawa za asubuhi, na za bamvua zikaanza saa 8 mchana maji yakiwa yanapanda, ili waliochoka warudi yakiwa yamefika kwenye ngazi. Sikuruhusu mbio yoyote kuanza baada ya saa 10 jioni, kwa sababu huku kwetu jua likishatua giza halichelewi.

Jambo lililonifurahisha katika kazi hiyo ya mezani ni kuiweka kalenda ya Kiislamu kando ya jedwali la maji. Idi ya Fitri hufuata mwezi mwandamo, kwa hiyo huangukia siku za bamvua mwaka hadi mwaka, na alasiri yake ina maji tele. Idi ya Hajj, kwa kuwa ni tarehe 10 ya mwezi, huwa karibu na maji mafu, na maji hupanda asubuhi kuelekea adhuhuri, wakati ambapo watu wako kwenye swala na kuchinja. Kwa hiyo siku ya Idi ya Hajj niliiacha wazi bila shughuli, na sherehe ya kufunga msimu nikaipanga alasiri ya siku ya pili ya Idi ya Fitri.

Upepo nao ulikuwa na sauti yake katika ratiba. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, rasi ya Msasani huikinga ghuba, hivyo maji hutulia hata upepo ukiwa na nguvu, na hapo ndipo tuliwafundisha watoto wa mtaani kwa boti za Optimist, ambazo zina urefu wa mita 2.3 tu na hubeba mtoto mmoja. Utulivu huo una hila, kwa kuwa upepo unaotoka nchi kavu humsukuma mtoto kuelekea bahari kuu. Boti la uokoaji lilikaa upande ambako upepo unaelekea, na hakuna mtoto aliyepanda boti kabla ya kuonyesha kwamba anajua kuogelea, hata akiwa amevaa jaketi okozi. Oktoba na Novemba, matlai, upepo wa mashariki, inapovuma kwa upole, tulikwenda visiwa vya Bongoyo na Mbudya pamoja na familia, tukilipa ada za hifadhi ya bahari kama wageni wengine. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ilipoingia Desemba, mawimbi yaliingia moja kwa moja ghubani na watoto wakahamia darasani kujifunza mafundo.

Kwa upande wa pointi tulifuata utaratibu wa kawaida wa michezo ya matanga: wa kwanza hupata 1, wa pili 2, asiyefika hupewa idadi ya washiriki na kuongezewa 1, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Nilisisitiza kila mtu afutiwe matokeo yake mabaya zaidi, maana hapa kwetu hakuna msimu usio na msiba wala harusi, na anayekwenda kuzika hapaswi kurudi akakuta ubingwa umeshampita.

Siku ya kufunga msimu tuliwaalika wavuvi washindane kwa ngalawa zao. Nilikuwa nimechora njia ya mbio ya kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo kwa kugeuka huku na huku, kama ile ya boti zetu, nikampelekea nahodha mmoja mzee aitazame. Aliitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, ngalawa haigeuki kama hivyo vyenu. Sisi foromali, mti unaoshika tanga, lazima tuizungushe mbele ya mlingoti, na ukinibishisha kila dakika, nitashinda kwa kuchoka." Tukaifuta, tukaweka pembetatu yenye pande ndefu, ambamo upepo huja kutoka ubavuni. Yeye mwenyewe akapendekeza namna ya kuanza: ngalawa zote zitie nanga kwa mstari, matanga yakiwa yametuliwa, na honi ikilia kila mmoja ang'oe nanga na kutweka. Ilikuwa rahisi kuliko bendera zetu za kuhesabu dakika tano kabla ya mbio kuanza, na ilipendeza zaidi kwa watu waliosimama ufukweni.

Kuhusu zawadi, kamati ilikuwa imefikiria kombe. Wavuvi waliomba kitambaa cha tanga na kamba, wakasema kombe halivui samaki, na bajeti ya kombe moja ilitosha kuwapa washindi watatu wa kwanza kitambaa, na wote waliomaliza mbio kamba.