Kabla hujaniuliza habari ya toleo jipya, nioneshe bakapu

Simu nyingi ninazopigiwa zinaanza hivi: "Kaka, tunataka kupandisha toleo la databesi yetu, itachukua masaa mangapi?" Siku hizi hilo swali silijibu kwanza, nauliza la kwangu. Bakapu yenu, ile nakala ya akiba ya data, mara ya mwisho mmeirudisha lini? Sijauliza mmeichukua lini, nauliza mmeirudisha lini, yaani mmelibeba lile faili mkaliweka kwenye mashine nyingine kabisa, mkaiwasha databesi, mkaitafuta invoisi ya jana mkaiona ipo. Hapo ndo simu inakuwa kimya.

Nimefanya kazi na databesi za biashara muda mrefu na kama kuna kitu kimoja naweza kumwachia mtu basi ni hiki, kupandisha toleo sio kazi ya usiku mmoja wa kubonyeza vitu, kazi yenyewe inafanyika wiki kadhaa kabla, na inaanzia kwenye kuhakikisha mnaweza kurudi mlikotoka. Mtaalamu anayeanza na toleo jipya kabla hajashika bakapu yenu kwa mkono wake msimkabidhi seva, hata awe anajua kiasi gani.

Ngoja niwape mfano. Kuna ofisi moja waliniita, wana mfumo wa mauzo na stoo, unakaa kwenye programu ya databesi inaitwa MySQL, toleo la 5.7. Hiyo 5.7 ilifika mwisho wake Oktoba 2023, tangu hapo marekebisho ya usalama hayatoki tena, na wao walikuwa wanataka wahame kabla hakijatokea kitu, wazo zuri kabisa. Nikaingia kwenye folda la bakapu. Mafaili yamejipanga vizuri, kila usiku faili moja, jina lina tarehe yake, na kila asubuhi kuna ujumbe unaingia kwa bosi wa IT unasema bakapu imefanikiwa. Nikaangalia saizi. Baiti 20. La juzi, baiti 20. La mwezi uliopita, baiti 20.

Kwa ambaye hajawahi kukutana nayo, baiti 20 ni saizi ya faili la gzip (programu ya kukandamiza mafaili) ambalo ndani hamna kitu. Ilivyokuwa ni kwamba skripti (faili la amri zinazojiendesha zenyewe) inaiita mysqldump, chombo cha bakapu cha MySQL, itoe data halafu inaimimina kwenye gzip ikandamizwe, sasa kuna siku mtu alibadilisha paswedi ya yuza wa bakapu (na alifanya sawa kuibadilisha, ilikuwa imekaa miaka), skripti ikabaki na ile ya zamani, basi mysqldump ikawa inakataliwa mlangoni kila usiku bila kutoa hata mstari mmoja, na gzip upande wa pili inapokea hewa, inaikandamiza hewa, inaandika faili, inasema nimemaliza salama. Na kwenye mnyororo wa namna hiyo, usipoiambia shell (ile inayoendesha amri za skripti) vingine, jibu linalohesabika ni la yule wa mwisho tu. Gzip kasema salama, basi wote wako salama. Miezi kadhaa hiyo ofisi ilikuwa haina bakapu na kila asubuhi wanaambiwa wanayo.

Tiba yake ilikuwa ndogo mno. Mstari mmoja wa set -o pipefail juu ya skripti, unaosema mmoja akigoma kwenye mnyororo basi wote wamegoma, ukaguzi wa saizi ili faili likiwa dogo kuliko la jana kwa kiasi kikubwa mtu apigiwe kelele, halafu mashine ya pembeni ambayo kazi yake ni kurudisha bakapu ya usiku na kuhesabu invoisi. Lakini fikiria kama tungeanza na toleo.

Na hili halichagui wadogo. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab, kampuni ya kuhifadhi kodi za programu, watu wa teknolojia kabisa, mhandisi wao akiwa anapambana usiku na replika (seva ya pili inayonakili kila kinachofanyika kwenye seva kuu) alifuta folda la data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili. Walipogeukia bakapu wakakuta hazipo, sababu databesi ilikuwa PostgreSQL (nyingine, sio MySQL) toleo la 9.6 na pg_dump, chombo chake cha bakapu, iliyokuwa inaitwa ilikuwa ya 9.2, ikawa inagoma, na barua pepe za kusema imegoma zilikuwa zinakataliwa hazimfikii mtu. Kilichowaokoa ni nakala ya diski iliyochukuliwa kama masaa 6 kabla kwa kazi nyingine kabisa. Wenyewe waliyaandika yote hadharani na mimi nawaheshimu sana kwa hilo. Ukiangalia vizuri utaona kilichoua bakapu ni tofauti ya matoleo kati ya databesi na chombo kinachoichukua, kwa hiyo usiku ule ule unaopandisha toleo ndo usiku ambao bakapu yako inaweza kufa kimya kimya.

Haya turudi kwenye ile ofisi. Bakapu ya kweli ikapatikana, nikairudisha kwenye seva ya majaribio, tukaanza mazoezi. Kutoka 5.7 huwezi kuruka moja kwa moja mpaka 8.4 tuliyokuwa tunaiendea, lazima upitie 8.0, na ukishaingia 8.0 hakuna kurudi nyuma kwa kushusha toleo, njia ya kurudi ni bakapu peke yake (ndo maana nawasumbua watu nayo). MySQL Shell, programu ya kuendeshea MySQL, ina kitu kinaitwa util.checkForServerUpgrade, unakielekeza kwenye seva ya zamani kinakusomea matatizo kinayoyaona, kitumieni, ila msidhani kikinyamaza basi mambo yako poa, chenyewe kinaangalia databesi, hakijui kilichoandikwa ndani ya programu yenu.

Cha kwanza kilichotugomea kilikuwa kolamu inaitwa rank. Wao walikuwa wanawapanga wateja kwa madaraja na mtu aliyeijenga akaiita hivyo, hamna kosa, ila 8.0 ilipoleta fankshoni ya RANK hilo neno likawa la mfumo, kila kwiri (ombi linalotumwa kwenye databesi) inayolitaja bila zile alama za kulifungia inakufa hapo hapo. Tulizikuta sehemu nyingi kuliko tulivyotegemea. Hili ni tatizo zuri kwa sababu linapiga kelele.

Baya ni lile la kimya. Dada mmoja wa uhasibu tulimkalisha kwenye mfumo wa majaribio afanye kazi zake kama siku ya kawaida, akafungua ripoti ya wadaiwa akaniita, "Hii imepoteza watu." Haikupoteza mtu, tulihesabu wote wapo, ila yeye miaka yote ripoti inakuja imepangwa kwa namba ya mteja na sasa imekuja imevurugika, akashuka na macho pale anapomjua mteja wake anakaa, hayupo. Ilikuwa kwiri yenye GROUP BY (kusanya kwa makundi) bila ORDER BY (panga kwa mfuatano). Mpaka 5.7 MySQL ilikuwa inapanga yenyewe ikifanya GROUP BY, kuanzia 8.0 hiyo imeondolewa.

Watu wengi hapa wanakasirika wanasema toleo jipya limeharibu, mimi naona sivyo. Edgar Codd wa IBM alipoandika wazo la databesi za uhusiano mwaka 1970 alisema kabisa mpangilio wa mistari hauna maana, na msingi wa jambo lote ni kwamba wewe unasema unataka nini, injini, yaani programu ya databesi yenyewe, ndo inatafuta njia ya kukifikia. Hiyo ndo nguvu yake, lakini ndo hiyo hiyo inayofanya kupandisha toleo kuwe na hatari yake, injini mpya inaweza kuchagua njia nyingine kwa kwiri ile ile ambayo hujagusa hata herufi, na ripoti ya sekunde chache ikawa ya nusu saa. Kwenye PostgreSQL hili liko wazi zaidi, pg_upgrade, chombo chake cha kupandisha toleo, kabla ya toleo la 18 haikuwa inahamisha takwimu za majedwali ambazo injini inazitumia kuchagua njia, ukimaliza ukaruhusu watu waingie bila kupitisha ANALYZE (amri ya kukusanya takwimu upya) injini inakisia tu gizani, mfumo unakuwa mzito balaa na simu zinaanza kuita. Kwa hiyo kwiri nzito 20 au 30 za biashara zenu pimeni muda wake kabla, mziandike, mzipime tena kwenye kopi baada.

La tatu lilikuwa la kuingia. 8.4 imezima mysql_native_password, njia ya zamani ya kuhakiki paswedi, ukiiacha na mipangilio yake yuza wa zamani hawaingii, na ile ofisi ilikuwa na programu moja ya zamani ya kuprinti lebo ambayo haijui njia nyingine ya kujitambulisha. Hiyo tuliijua kwenye mazoezi ya pili, tukatafuta draiva mpya (kiunganishi cha programu na databesi) mapema, ikaisha.

Matunzo ya kila siku nitayapitia haraka ingawa ndo yanayonilisha. Replika sio bakapu, mtu akipiga DELETE (amri ya kufuta) akasahau WHERE (inayosema afute mistari ipi), replika nayo inafuta ndani ya sekunde hizo hizo. Angalieni namba za kujiongeza zenyewe, kolamu ya INT (namba nzima) ya kawaida inagota 2,147,483,647 na siku ikigota hamuingizi tena hata rekodi moja kwenye lile jedwali. Kwenye PostgreSQL msizime autovacuum, ile inayosafisha mistari iliyokufa yenyewe, eti inakula diski, nawaomba sana. Na kalenda ya matoleo ibandikeni ukutani, PostgreSQL kila toleo kubwa linatunzwa miaka 5, SQL Server 2014, databesi ya Microsoft, iliisha Julai 2024, SQL Server 2016 ukomo wake ni Julai 2026, hizi tarehe zinajulikana miaka kabla kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbizana.

Usiku wenyewe ulipofika tulifanya vile vile tulivyofanya kwenye mazoezi. Tulikuwa tumekubaliana na bosi kwamba ikifika saa 9 usiku hatujamaliza tunarudi nyuma bila mjadala, na jioni nilimwomba yule dada aandike kwa mkono namba tatu kutoka kwenye mfumo: jumla ya madeni ya wateja, jumla ya mauzo ya mwezi, idadi ya invoisi. Saa 4 tukafunga mfumo. Saa 7 na nusu hivi seva mpya ikawa imewaka, takwimu zimepita, nikamwita akae na karatasi yake.

Namba ya kwanza haikulingana. Kwenye skrini imezidi. Ya pili nayo imezidi, kwa kiasi kile kile. Idadi ya invoisi imezidi moja. Bosi akauliza turudi nyuma? Nikamwambia tusubiri kwanza, nikaitoa invoisi ya mwisho kabisa, imeingia 21:52, dakika 8 kabla hatujafunga, na dada aliandika namba zake saa 3 kasoro. Akainuka bila kusema kitu, akaenda kwenye trei ya printa ya stoo, akarudi na karatasi moja. Akaisoma namba yake polepole, mimi nafuata kwa kidole kwenye skrini, halafu akasoma kiasi, halafu jina la mteja. Ilikuwa yenyewe.

Tukafungua mfumo.