Usiku tulipoweka Ubuntu kwa mjomba

Mwaka 2008 mjomba wangu alikuwa na steshenari ndogo Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Walimu walimletea mitihani ya kuchapa, vijana barua za kuomba kazi, wanakwaya ratiba zao. Kazi zote hizo zilikaa kwenye kompyuta moja, Dell ya Pentium 4 yenye RAM ya MB 512, na virusi vilikuwa vimeijaa. Vililetwa na flashi za wateja. Windows XP ya siku zile ilikuwa tayari kuendesha programu iliyopandikizwa kwenye flashi mara unapoifungua, na kirusi kilichotutesa kilikuwa na hila mbaya: kinaficha folda halisi, kisha kinaweka programu yake yenye jina lile lile na picha ile ile ya folda. Ukibofya, umekiamsha upya.

Jioni moja ya Julai nilimkuta mjomba amekaa tu, mikono mapajani. Mtihani wa majaribio wa darasa la saba, kazi ya mwalimu mmoja, ulikuwa hauonekani, na kesho yake asubuhi ulitakiwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mjomba, kazi ya watu imepotea."

Mimi nilikuwa na CD ya Ubuntu 8.04, mfumo wa kuendesha kompyuta wa jamii ya Linux, unaoweza kukaa mahali pa Windows. Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini inayoitengeneza Ubuntu, ilikuwa ikizituma CD hizo bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, na yangu ilikuwa imefika kwenye sanduku la shule, ndani ya bahasha ngumu, sina hata shilingi niliyotoa. Nilifunga safari kuifuata nyumbani.

Tuliwasha mashine, nikabonyeza F12, nikachagua iwakie kwenye CD. Mfumo mzima unaendeshwa kutoka kwenye CD, diski haijaguswa. Hadi leo naona huo ni ukarimu mkubwa kwa mtu mwenye hofu ya kupoteza kazi zake. Skrini ya rangi ya udongo ikatokea na mchoro wa ndege korongo, alama ya toleo lile, mjomba akavuta kiti karibu.

Nikafungua diski ya Windows. Folda zote zilikuwepo. "Mitihani", "Barua", "Kwaya", kila moja mahali pake, na pembeni ya kila moja limelala lile faili la kirusi lenye jina kama lake na ".exe" mwishoni, alama ya programu ya Windows, wazi kabisa, bila ile picha ya kujifichia. Linux ilikuwa haizijali alama za kuficha za Windows, na programu ile haikuwa na namna ya kujiendesha pale. Mjomba aliweka kidole kwenye kioo, akasoma majina moja moja kwa sauti. Tukahamishia kazi zote kwenye flashi, mafaili ya kirusi tukayaacha yalipo.

"Sasa futa," akasema.

Kufuta Windows na kusakinisha Ubuntu kwenyewe hakukuwa na mengi. Kwenye ramani ya dunia nilibofya nukta ya Dar es Salaam, nikachagua kutumia diski yote ya GB 40. Tulichoogopa ni umeme kukatika katikati, kwa hiyo mjomba aliazima UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme unapokatika, kwa jirani mwenye studio ya picha. Haukukatika.

Printa yetu, HP LaserJet 1200, ilitambuliwa bila kuulizwa CD yoyote. Mtihani ulifunguka ndani ya OpenOffice, programu ya kuandikia ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimeshaitafsiri kwa Kiswahili tangu 2004, kwa jina la Jambo. Jedwali la swali la hisabati lilikuwa limesogea kidogo. Mjomba akalinyoosha mwenyewe, mstari kwa mstari, akabonyeza chapa.

Mwalimu alikuja saa moja asubuhi. Alihesabu nakala zake, akalipa, akauliza kama tunaweza kumchapia na wa Kiingereza.